Injini ya kuwashia: ile injini ndogo ubavuni mwa katapila la zamani

Lizunguke katapila la miaka ya 1940 au 1950, tuseme D4 au D7 za kampuni ya Caterpillar, na utakuta lina injini mbili. Kubwa ni ya dizeli. Ubavuni mwake imepandishwa nyingine ya petroli, silinda mbili, yenye kabureta yake, magneto yake (kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche bila betri), oili yake na ekzosi yake. Hiyo ndiyo injini ya kuwashia. Wamarekani waliipa jina la farasi mdogo, poni, nasi tuiite hivyo kwa ufupi. Kazi yake ni kuizungusha kubwa mpaka iwake, kisha inazimwa na kukaa kimya hadi kesho.

Dizeli haina plagi. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa mpaka ujazo wake ubaki kama sehemu moja ya 15 au 16. Injini ya D7 ya zamani ina pistoni nne, kila moja na upana wa milimita 146 na mwendo wa milimita 203, jumla lita 13.6. Hakuna mkono wa mtu utakaolizungusha dude hilo, na starta za umeme za wakati ule zilikuwa dhaifu. Caterpillar walishika njia ya poni tangu trekta yao ya kwanza ya dizeli, Diesel Sixty ya 1931. Wenzao walikuwa na njia zao. Makatapila ya International ya TD yaliwaka kwa petroli yenyewe, yakishachangamka yakahamia dizeli. Trekta ya Kiingereza ya Field Marshall, ya silinda moja, iliweza kuwashwa hata kwa fataki ya baruti iliyogongwa nyundo!

Wapo wasemao poni ni kitu cha nchi za baridi, huku kwetu kisiwani Pemba ya nini. Hoja hiyo haina uzito. Baridi hatuna, lakini chumvi tunayo, na betri ya mashine inayofanya kazi wiki mbili ikapumzika miezi mitatu hufa mapema. Poni ya hendeli haitaki betri. Lita moja ya petroli na mtu mmoja mwenye mkono mzuri vinatosha.

Isitoshe, poni haizungushi tu. Maji yake ni yale yale ya injini kubwa, kwa hiyo ikipata moto na bloku ya dizeli nayo huanza kupata uvuguvugu. Bomba la moshi wake hupitishwa ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa ili hewa ifike silindani ikiwa na joto. Tena huizungusha dizeli bila mafuta kwa muda utakao, oili ikapanda kwenye beringi kabla mzigo haujaja. Kwangu faida hii ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, maana injini iliyolala muda mrefu beringi zake huwa kavu.

Kabla ya kuwasha, tazama maji ya radiata na oili za pande zote mbili, maana oili ya poni ni mbali na ya dizeli. Funga mafuta ya dizeli, weka mkono wa kompresheni mahali pa kuwashia ili vali zibaki wazi, na achia klachi ya poni. Fungua petroli, vuta choki, kisha vuta hendeli kwenda juu, usiisukume chini. Dole gumba lilale upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu hendeli ikipiga kinyume humvunja mkono aliyeikumbatia.

Poni ikishatulia, sukuma mkono wa klachi upande wa breki ili gia isimame, ndipo uingize pinioni, yaani hiyo gia ndogo ya poni, kwenye meno ya flaiwili, gurudumu zito la dizeli. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakisikia kelele ya meno hulazimisha, na meno huliwa ncha zake moja baada ya jingine. Meno yakikutana ncha kwa ncha, gusa klachi kidogo tu, gia isogee, ujaribu tena. Pinioni ikishajifunga, shika klachi polepole. Dizeli huzunguka kwa wepesi, na jicho lako libaki kwenye geji ya oili. Ikishapanda, iache dakika moja au mbili, rudisha kompresheni, sikiliza poni ikikaza sauti kwa mzigo, ndipo ufungue mafuta ya dizeli nusu. Ikiwaka, pinioni hujitoa yenyewe. Hata hivyo mkono wako uwe tayari kwenye klachi: vishikio vya pinioni vilivyoshika kutu visipoachia, dizeli huizungusha poni kupita kiasi na konrodi, chuma kinachoshika pistoni, hutoka nje ya bloku.

Kuzima poni kuna adabu yake. Funga petroli kwenye tangi na uiache inywe iliyobaki kwenye kabureta mpaka izimike. Petroli iliyoachwa ndani hukauka ikawa kama gundi na kuziba jeti, na sindano ya kabureta isipofunga vizuri, petroli hushuka kwenye oili ya poni. Chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse: kikinuka petroli, au oili imepanda bila kuongezwa, mwaga yote kabla hujawasha.

Ugonjwa mkubwa wa huku kwetu ni magneto. Pemba kwa upana haifiki kilomita 25, kwa hiyo hakuna karakana iliyo mbali na hewa ya bahari. Pointi zake, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke, huota ukungu wa kijani, cheche hupotea, na fundi huanza kufungua kabureta isiyo na kosa. Anza na plagi: ichomoe, iegemeze kwenye chuma, zungusha hendeli. Cheche ikiwa ya manjano na nyembamba, safisha pointi kwa msasa laini, ufute kwa karatasi kavu, upime nafasi. Magneto nyingi za aina hii hutaka kati ya milimita 0.3 na 0.4. Poni ikiwaka vizuri lakini ikazimika au klachi ikateleza kompresheni inaporudi, rekebisha klachi kwanza kabla ya kuilaumu injini.

Mvua ya masika nayo huingia kwa bomba la poni lililosimama wazi, maji yakafika kwenye vali na pistoni ikaganda. Kopo la maziwa au kifuu juu ya bomba hutosha. Mashine ikilala muda mrefu, mimina kijiko cha oili katika kila tundu la plagi na uzungushe hendeli mara chache kila mwezi, petroli ikiwa imefungwa.