Kimea, chokoleti na sukari: maswali na majibu kuhusu vitamu vya nyumbani

Kimea ni nini hasa, na kwa nini vinywaji vyake huhesabiwa kuwa lishe?

Kimea ni nafaka iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa. Inapochipua, vimeng'enya vyake huvunja wanga na kutoa sukari iitwayo maltosi. Joto la kukaushia ndilo linaloleta ile harufu ya biskuti iliyookwa. Katika Milo, Ovaltine na Horlicks nafaka hiyo ni shayiri, na baadhi huongezewa ngano.

Sifa ya lishe ni ya zamani. Ndugu James na William Horlick walianza biashara yao Chicago mwaka 1873 kwa chakula cha kimea cha watoto wachanga na wagonjwa. Ovaltine ilizaliwa Bern, Uswisi, mwaka 1904, na Milo ikaanzia Australia mwaka 1934. Vitamini na madini yanayoongezwa humo ni ya kweli, lakini sukari nayo imo, tena mara nyingi ni nyingi. Geuza kopo usome mstari wa sukari kwa kila gramu 100. Maandishi makubwa ya mbele hayakuambii hilo.

Nawezaje kutengeneza vipande vya kimea na chokoleti bila kujaza sukari?

Mapishi mengi ya vitamu hivi visivyookwa huanza kwa kumimina kopo zima la maziwa mazito yenye sukari. Kopo moja la gramu 397 lina takriban gramu 215 za sukari, na sehemu ndogo tu ya hiyo ni ya maziwa yenyewe. Liache. Kimea, maziwa ya unga na chumvi kidogo vinatosha kubeba ladha.

Kwa vipande 24 andaa biskuti za Marie gramu 200, baa za chokoleti gramu 100 (mbili za kawaida, Snickers au Mars kwa mfano), unga wa kinywaji cha kimea gramu 60, maziwa ya unga gramu 50, siagi gramu 60, maziwa ya maji mililita 60, karanga zilizokaangwa gramu 80 na chumvi ya kushika kwa vidole viwili.

Vunja biskuti ziwe vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Ukizisaga zikawa unga, utapata donge zito. Katakata baa ndogondogo. Changanya unga wa kimea na maziwa ya unga vikiwa vikavu, kwa sababu unga wa kimea ukiingia peke yake kwenye kitu cha moto hufanya madonge. Chemsha maziwa na siagi kwa moto mdogo, epua, subiri dakika mbili, kisha tia baa ukikoroga taratibu. Tia ule unga na chumvi, koroga hadi ulainike, halafu biskuti na karanga. Shindilia kwenye trei ya sentimita 20 kwa 20 iliyotandikwa karatasi ya kuokea, weka kwenye friji saa tatu, kata mistari minne kwa sita.

Kila kipande kina uzito wa gramu 25 hivi na sukari iliyoongezwa gramu 5 hivi. Ukitumia lile kopo badala ya maziwa ya maji na ya unga, sukari iliyoongezwa hupita gramu 12 kwa kipande, na kipande chenyewe huwa kikubwa zaidi.

Gramu 5 ni nyingi au kidogo?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari zilizoongezwa, pamoja na za asali na juisi, zisifikie asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku: kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2000, gramu 50. Ikishuka chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Kwa hiyo kikombe cha chai cha vijiko vitatu pamoja na vipande viwili tayari ni gramu 22. Siku ya kula vitamu hivi, chai na iwe bila sukari.

Mbona chokoleti yangu inakuwa ngumu na yenye chembechembe?

Ni matone ya maji. Chokoleti tupu ikiyeyushwa, hata mvuke kidogo hufanya sukari na kakao vishikane. Maziwa mengi hayaleti shida, matone machache ndiyo huharibu. Kijiko kimoja au viwili vya maziwa ya moto, ukikoroga kwa nguvu, huirudisha kuwa mchuzi laini. Moto mkali huunguza, na chokoleti iliyoungua haiponi. Baa zenye karameli hubaki na nyuzinyuzi, jambo lisilo na madhara. Utando mweupe juu ya baa iliyokaa kwenye joto ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu, si ukungu, inalika.

Nikitaka kupika karameli mwenyewe?

Tahadhari kuu ni kuungua. Sukari inayochemka hupita nyuzi 115 za Selsiasi na hung'ang'ania ngozi. Watoto wakae mbali na jiko, na sufuria iwe ndefu. Ikimwagikia mtu, mwagia maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Pete na saa zivuliwe mapema. Usipake dawa ya meno, siagi wala unga. Malengelenge makubwa, au kuungua usoni na mikononi, mpeleke kituo cha afya.

Mwenye kisukari anaweza kula?

Kipande kimoja, baada ya mlo, kikihesabiwa katika wanga wa siku. Asidanganywe na maandishi "bila sukari ya kuongezwa" kwenye unga wa kimea: maltosi hupandisha sukari ya damu kwa kasi sawa na glukosi. Na sukari ikishuka ghafla, akitetemeka na kutokwa jasho, asipewe chokoleti, kwa kuwa mafuta yake huchelewesha kunyonywa kwa sukari. Apewe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali.

Nani asiguse kabisa?

Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye utumbo wake huumizwa na gluteni, kwa sababu shayiri na ngano zina protini hiyo. Mwenye mzio wa karanga au maziwa: baa nyingi zina chembe za karanga hata kama hazionekani. Mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji vitamu hivi, na wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, zinaweza kumpalia.

Karanga zichambuliwe kabla ya kukaangwa. Zilizosinyaa, kubadilika rangi au kuota ukungu hutupwa, kwani sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga.

Na meno?

Idadi ya mara unazokula huumiza kuliko ukubwa wa kipande. Kila mara bakteria hutoa asidi kwa karibu nusu saa, na karameli hukaa kwenye mianya. Kula mara moja, sukutua kwa maji, piga mswaki baadaye.

Naweza kutumia kimea cha nyumbani?

Ndiyo, cha ulezi, nacho hakina gluteni. Loweka saa 12, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili ukisuuza asubuhi na jioni. Anika juani ukitandaza kwa wembamba. Kikikauka polepole huota ukungu, na hapo kitupe chote. Pukuchua vijizizi, kaanga hadi kinukie, saga, chekecha. Mtama uepuke, kwa kuwa machipukizi yake hubeba sumu ya sianidi. Kwa mapishi yaliyotangulia, pika gramu 60 za unga huo kwenye mililita 200 za maziwa dakika tano ukikoroga, ndipo utie siagi na baa, na ubadilishe biskuti kwa bisi au mchele wa kupuliza. Mchanganyiko huu una maji zaidi: hauvumili zaidi ya siku tatu kwenye friji, wakati ule wa kwanza hukaa wiki. Nje, kwenye joto la Pwani, yote miwili isizidi saa mbili.