Sauti ya mwanamke katika fasihi ni nini?

Wengi wakisikia maneno haya hudhani yanahusu riwaya au tamthilia yenye mhusika mkuu wa kike. Siyo. Fasihi yetu imejaa wanawake wanaosifiwa, wanaolaumiwa na kuliliwa na washairi, bila wenyewe kupewa nafasi ya kusema. Sauti ya mwanamke husikika pale anaposhika usemi yeye: anaamua aseme nini, amwambie nani, na lipi abaki nalo moyoni.

Kuushika usemi huo hakukuwa rahisi. Sayyida Salme, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844 akiwa binti wa Sultani Said, alikulia katika jumba ambamo wasichana walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipokula njama ya kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani, Salme wa miaka 15 ndiye aliyewaandikia wala njama barua zao. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1886, ila kwa Kijerumani, akiwa mjane wa mfanyabiashara wa Hamburg.

Mshairi Mwana Kupona wa kisiwa cha Pate anatutatiza zaidi. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi unaoanza “Negema wangu binti”. Humo anamwambia kuwa anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Wapo wanaouona kama wasia wa utiifu tu, na hawakosei kabisa. Lakini mama huyohuyo anamfundisha bintiye kumtunza mume kama mtoto asiyejua kunena! Mimi hapo namsikia mwanamke aliyeijua vizuri nyumba yake, akisema kwa lugha iliyoruhusiwa. Basi sauti ya mwanamke si lazima iwe ya kupinga waziwazi.

Wala mwandishi wa kike halazimiki kuandika juu ya wanawake tu. Riwaya ya *Shida* (1975) ya Ndyanao Balisidya inamfuata zaidi kijana wa kiume, Chonya. Penina Muhando alichukua njia nyingine. Katika tamthilia yake *Nguzo Mama* (1982), wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, inawashinda, wanagombana. Anayetusimulia ni Bi Msimulizi, na hawaonei haya wanawake wenzake.