Aliyekaa Kukusikiliza Alitokea Wapi?

Bibi mmoja kutoka upande wa Kongwa alimleta mjukuu wake kwenye chumba changu cha ushauri hapa Dodoma mjini. Nilimwamkia, akaitikia, halafu kabla sijafungua faili akanitazama usoni: "Mwanangu, kabla ya kazi hii ya kukaa na kusikiliza watu, ulikuwa unafanya nini?" Nikamwambia nilikuwa muuguzi wa zahanati ya kijijini, miaka sita, nikizalisha na kupima watoto kliniki. Akashusha kanga begani, akakaa vizuri kwenye kiti. "Basi umeshawahi kumshika mtoto wa mtu. Tuendelee."

Mambo yanayoweza kumtambulisha yeye na mjukuu wake nimeyabadili. Swali lake sijaligusa, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Watu wengi wakija kwetu huuliza tuna shahada gani. Wachache sana huuliza tulitokea wapi, na katika fani inayotegemea sikio, mahali mtu alipotokea ni sehemu ya kifaa chake cha kazi.

Fani ninayotaka kuieleza ni saikolojia changanuzi. Hapa kwetu wanaolijua zaidi jina hilo ni wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, maana hukutana nalo kwenye nadharia za uhakiki, pale wanapotakiwa kuchimbua hofu na matamanio ya mhusika. Lakini ilianza kama tiba. Mgonjwa hulala kwenye kochi au hukaa, husema lolote linalomjia, hata la aibu, hata lisilo na kichwa wala miguu. Mtaalamu humsikiliza kwa dakika 45 au 50, mara tatu hadi tano kwa wiki, pengine kwa miaka. Msingi wake ni kwamba sehemu kubwa ya nafsi imefichika hata kwa mwenyewe, na kilichofichwa hakitulii. Hujitokeza kwenye ndoto, kwenye ulimi unaoteleza, kwenye maumivu ya mwili ambayo vipimo havioni chanzo chake. Anayefanya kazi hiyo nitamwita mchanganuzi nafsi.

Sigmund Freud, mwasisi wa fani hiyo huko Vienna, hakuanza na nafsi. Alianza na samaki. Mwaka 1876, akiwa bado mwanafunzi, alitumwa Trieste, akapasua samaki aina ya mkunga wapatao 400 akitafuta korodani zao, kitu ambacho wataalamu wa wakati ule walikuwa wakibishania. Baadaye akawa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mtu aliyekaa juu ya hadubini miaka yote hiyo hujifunza kutazama kitu kimoja bila kuchoka na bila kuharakisha jibu. Ninapomsoma akimsikiliza mgonjwa, bado namwona kijana yule na kisu chake kidogo.

Pia alikuwa na penzi moja nje ya udaktari: vitu vya kale. Alikusanya sanamu na vyombo zaidi ya 2,000 vya Misri, Ugiriki, Roma na kwingineko, vingine akavipanga mezani pake, na alipowakimbia Wanazi mwaka 1938 kwenda London vilimfuata. Alipenda kuifananisha kazi yake na ya mwanaakiolojia anayefukua tabaka kwa tabaka. Aliyewahi kupanda hadi kwenye michoro ya miambani pale Kolo, Kondoa, atamwelewa upesi. Kuna michoro myekundu ya zamani, na mahali pengine juu yake kuna myeupe iliyokuja baadaye. Huwezi kuusoma ule wa juu kana kwamba chini hakuna kitu.

Je, lazima mchanganuzi awe daktari? Swali hilo lilifika kwenye vyombo vya sheria. Mwaka 1926 Theodor Reik, aliyesomea saikolojia na si udaktari wa tiba, alishtakiwa Vienna kwa kutibu watu bila kuwa tabibu. Freud, daktari, aliandika kitabu kizima kumtetea. Alisema mafunzo bora ya kazi hii yangejumuisha elimu ya mwili na magonjwa ya akili, lakini pia historia ya ustaarabu, visasili, saikolojia ya dini na fasihi. Marekani hawakumsikia. Chama chao cha wachanganuzi kiliwafungia mlango wasio madaktari tangu mwaka 1938, hadi wanasaikolojia wanne walipofungua kesi mwaka 1985 na mlango ukaanza kufunguka. Ninaamini Freud alikuwa sahihi, na ushahidi ni watu wenyewe.

Binti yake, Anna Freud, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alilea watoto katika vituo vya Hampstead, London, na jicho la mwalimu likamwonyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: kutenganishwa na mama kuliwaumiza watoto kuliko mabomu yaliyokuwa yakidondoka. Erik Erikson alikuwa mchoraji anayezurura Ulaya bila shahada yoyote ya chuo kikuu. Alifika Vienna mwaka 1927 kufundisha kwenye shule ndogo, akafunzwa uchanganuzi, na zile hatua zake nane za ukuaji ndizo walimu wetu wanazozikariri vyuoni hadi leo. Wilfred Bion aliongoza vifaru katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa kijana mdogo, akasoma historia, akafundisha shule, ndipo akasomea udaktari. Aliyeandika kwa undani kuhusu akili inayoshindwa kufikiri kwa sababu ya hofu alikuwa amekaa ndani ya chuma kilichokuwa kikipigwa risasi.

Ninayempenda kuliko wote ni Donald Winnicott, kwa sababu alikuwa mtu wa kliniki ya watoto kama nilivyokuwa mimi. Alikuwa daktari wa watoto London kwa takriban miaka 40. Mama aliingia na mtoto, akakaa ng'ambo ya meza, na kwenye kona ya meza Winnicott aliweka kijiti bapa cha chuma kinachong'aa, kile cha kukandamizia ulimi. Halafu akatazama. Mtoto hukiona, hunyoosha mkono, husita, humtazama mama, humtazama daktari. Akiachwa bila kuharakishwa, hukichukua, hukitia mdomoni, hucheza nacho, mwishowe hukiangusha. Katika dakika chache hizo Winnicott alisoma mtoto anavyotamani, anavyoogopa na anavyojiruhusu. Mtu ambaye hajashika watoto maelfu asingeona chochote pale zaidi ya mtoto na kijiti.

Alikuwa na mchezo mwingine pia. Alichora mstari uliopindapinda bila kufikiri, akamwachia mtoto augeuze kuwa kitu, kisha wakabadilishana zamu. Mjukuu wa yule bibi, mwenye miaka tisa, alikuwa hasemi na watu tangu msiba wa baba yake. Bibi alitaka nimpe "dawa ya kusema". Nilichora mstari, nikasukuma karatasi. Mvulana aliutazama muda mrefu, vumbi la Agosti likigonga dirisha, kisha akaongeza magurudumu mawili na usukani. Bodaboda. Nikauliza, dereva yuko wapi? Akasema kwa sauti ndogo, "Hayupo." Lilikuwa neno la kwanza nililolisikia kutoka kwake. Sikuongeza swali. Nilimpa penseli, ikawa zamu yake kunichorea mimi mstari.

Fani hii imepita karibu na kwetu pia. John Bowlby, daktari na mchanganuzi wa London, alikuwa amefundisha kwanza shule ya watoto wasumbufu ambao wengine walishindwa kuwamudu, na watoto hao ndio waliomwelekeza kwenye suala la mtoto kuachwa. Kisha akavutiwa na elimu ya tabia za wanyama, vifaranga wa bata bukini wanavyomfuata mama, akaona mshikamano wa mama na mtoto una mizizi ya kimaumbile. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyewahi kufanya kazi naye, alikwenda Uganda mwaka 1954, akazitembelea nyumba za vijijini jirani na Kampala mara kwa mara, akitazama watoto wachanga na mama zao. Mengi tunayofundisha leo duniani kuhusu mshikamano wa mtoto yalianzia kwenye nyumba hizo za Afrika Mashariki. Huwaambia hivyo wauguzi wetu kila ninapopata nafasi, kwa sababu wanadhani elimu hii yote ilikuja na meli.

Lakini historia ya mtu peke yake haimfanyi mchanganuzi. Tangu taasisi ya uchanganuzi ya Berlin ilipofunguliwa mwaka 1920, mafunzo yamesimama juu ya mambo matatu: masomo, kutibu wagonjwa chini ya msimamizi mzoefu, na la tatu, mwanafunzi mwenyewe kwanza kufanyiwa uchanganuzi. Hapo ndipo watu hushangaa. Kwa nini mtaalamu alale kwenye kochi? Wahenga walishajibu: kinyozi hajinyoi. Mgonjwa humhamishia mtaalamu hisia alizokuwa nazo kwa baba, mama au mume, akamwogopa au kumpenda kana kwamba ni wao. Mtaalamu asiyejua vidonda vyake atazijibu hisia hizo kwa vidonda vyake.

Mimi si mchanganuzi nafsi, ni mwanasaikolojia tiba, ila kosa langu moja litaeleza. Nikiwa mwanafunzi nilikaa na mama aliyefiwa na mtoto. Kila alipoanza kulia nilikimbilia maneno ya faraja: Mungu yupo, muda utaponya, una wengine. Hakurudi tena. Msimamizi wangu alisoma maelezo niliyoandika, akaniuliza nilikuwa namfariji nani. Nilikuwa nimezika mdogo wangu miaka mitatu nyuma na sikuwahi kulia sawasawa. Uuguzi ulinifundisha kumshika mtu. Haukunifundisha kunyamaza mbele ya kilio kinachofanana na changu. Hilo nilijifunza kwa kusimamiwa.

Afrika ina mfano mwingine wa watu wa asili tofauti kukaa meza moja. Miaka ya 1960, katika hospitali ya Fann jijini Dakar, daktari wa magonjwa ya akili Henri Collomb aliwaruhusu ndugu kukaa na mgonjwa wodini na akawasikiliza waganga wa jadi kwa heshima. Hapo alifanya kazi pia Marie-Cécile Ortigues, mchanganuzi, akishirikiana na mumewe Edmond, mwanafalsafa. Waligundua kwamba kijana wa Senegal halalamikii nafsi yake peke yake. Hueleza ugonjwa wake kwa habari za ukoo, mizimu na husuda. Kwa sisi tunaowapokea watu waliopita kwa mganga kabla ya kufika hospitali, hilo linafahamika.

Kwa hapa Dodoma usitegemee kukuta kibao cha mchanganuzi nafsi barabarani. Utakuta daktari bingwa wa magonjwa ya akili, ambaye huchunguza na kuandika dawa, mwanasaikolojia tiba, mshauri nasaha, afisa ustawi wa jamii. Tumeishi miaka mingi na jina la Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, likitumiwa kama tusi, "huyo wa kupelekwa Mirembe", na tusi hilo limewachelewesha watu wengi nyumbani. Anayesikia sauti wasizosikia wengine, asiyelala siku kadhaa, au anayezungumzia kujiua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mazungumzo marefu yatakuja baadaye.

Kama hali yako si hiyo na unatafuta mtu wa kukusikiliza, ninakuomba umuulize alichosomea, anayemsimamia sasa, na alikuwa nani kabla ya kazi hii. Kama ni mwalimu, mchungaji, muuguzi au askari mstaafu, si aibu yake. Muulize pia kama yeye mwenyewe amewahi kukaa kwenye kiti ulichokalia wewe. Aliyefunzwa vizuri hatakasirika.

Bibi wa Kongwa aliongeza lake, ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Aliuliza kama najua Kigogo. Nikamjibu najua salamu na maneno machache ya zahanati. Akaguna, akaanza kunieleza habari za mwanawe kwa Kiswahili, na kila alipofika penye uchungu akarudi Kigogo bila kujijua. Nami nikawa nangoja hapo, mpaka arudi.