Nairobi hadi New York: kilometa 11,800 ni saa ngapi angani?

Umbali wa anga ni urefu wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, kutoka kiwanja kimoja cha ndege hadi kingine. Kati ya Jomo Kenyatta na John F. Kennedy ni karibu kilometa 11,800. Ukivuta mstari kwa rula kwenye ramani bapa, utapita Mauritania. Lakini dunia ni mviringo: njia fupi hasa hupanda kaskazini mapema, ikapita Sudan Kusini, Darfur (magharibi mwa Sudan), Chad, Niger, Algeria na Morocco ndipo iingie Atlantiki. Ndege haiifuati yote. Anga la Sudan, kwa mfano, lilifungwa vita vilipozuka Aprili 2023, na kila mzunguko huongeza kilometa.

Boeing 787-8, ambayo Kenya Airways ilianza nayo safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, huenda kama kilometa 900 kwa saa. Ukigawanya unapata saa 13 na dakika chache. Mbona tiketi husema karibu saa 15 kwenda na 14 kurudi?

Kwanza, muda wa tiketi huanza ndege inaposukumwa kutoka maegeshoni na kuisha inapoegeshwa upande wa pili, pamoja na foleni za kuruka na kutua. Pili, upepo wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, tena kwa nguvu zaidi wakati wa baridi ya kaskazini. Upepo wa mbele wa wastani wa kilometa 50 kwa saa pekee hula dakika 45 hivi. Ukiwa wa nyuma, unakurudishia karibu zote.

Nairobi ina shida yake. Kiwanja kiko mita 1,600 na ushei juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Mabawa na injini hupata nguvu kidogo, na ndege iliyobeba mafuta ya saa 15 huenda ikalazimika kupunguza mizigo. Kuondoka usiku, kukiwa na ubaridi, kunasaidia.

Wengi hukosea kwenye saa, maana tiketi huandika saa za kila mji. Ukiondoka 23:25 (saa tano na dakika 25 usiku) na kufika 06:25, si safari ya saa saba. Ongeza saa 8 ambazo Nairobi iko mbele ya New York, au 7 kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, New York inaposogeza saa zake mbele. Kurudi, unatoa badala ya kuongeza.

Kupitia Amsterdam kunaongeza kilometa 700 tu, chini ya saa moja ya kuruka. Kinachorefusha safari hiyo ni kusubiri ndege ya pili, kwa hiyo linganisha tiketi kwa muda wote wa safari, si kwa umbali.