Patisheni ni nini, na diski igawanywe vipi

Ukipeleka laptopu kwa fundi Kariakoo ikapigwe Windows upya, fundi makini atakuuliza kwanza: kuna vitu vya kutunza, na vimekaa wapi? Jibu la swali hilo linategemea jinsi diski ilivyogawanywa.

Patisheni ni sehemu ya diski iliyotengwa ili mfumo endeshi (kama Windows) uione kama diski inayojitegemea. Windows huzipa patisheni herufi: C ndiyo yenye Windows yenyewe, D ni inayofuata. Kifaa ni kimoja, lakini C inaweza kufomatiwa na D isiguswe. Mipaka yake huandikwa kwenye jedwali dogo mwanzoni mwa diski. Jedwali la zamani ni MBR, la tangu 1983: mwisho wake patisheni nne za msingi na TB 2 hivi. Jipya ni GPT, ambalo kwenye Windows lina nafasi ya patisheni 128. Mashine ikiwa na UEFI (programu ya kuiwasha iliyochukua nafasi ya BIOS ya zamani), chagua GPT, habari iishe hapo.

Kinachotaka kufikiriwa sana ni ukubwa wa C. Microsoft inataka walau GB 64 kwa Windows 11, na wengi huchukulia kwamba hiyo inatosha. Haitoshi. Masasisho na programu huila nafasi hiyo taratibu, na kuipanua C baadaye ni kazi. Zana ya Windows yenyewe huipanua C pale tu nafasi tupu inapoifuata moja kwa moja. Ikiwa inayofuata ni D, hata D iwe na GB 100 tupu, itabidi uhamishe vilivyomo na kuifuta kwanza.

SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu inayozunguka) ya GB 256 Windows huionyesha kama 238, kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa 1000 na Windows kwa 1024. Hapo mimi ningeipa C GB 120 hadi 150, inayobaki iwe D. SSD ikiwa ya GB 128, usigawe kabisa, utajibana bure.

Sasa mfikirie mwenye steshenari pale Mwenge, mashine imejaa CV za watu, kadi za harusi na ripoti za wanachuo. D haimsaidii chochote kama kila kazi anaisevu Desktop, maana Desktop, Documents na Downloads zote zimo ndani ya C. Dawa yake ni ndogo: bofya kulia kwenye Documents, ingia Properties, kisha Location, uielekeze D. Fanya hivyo hivyo kwa Desktop.

Halafu ipe D jina, tuseme KAZI. Nalisisitiza hili kwa sababu wakati wa kupiga Windows, ukurasa wa kuchagua patisheni hauonyeshi herufi C wala D. Unaonyesha namba, ukubwa na jina. Patisheni mbili zikikaribiana ukubwa na hazina majina, mkono ukiteleza kwenye kitufe cha kufuta, kazi za wateja zimekwenda.

Ila D si nakala ya akiba. SSD ikifa, C na D zinakufa pamoja, kwa hiyo kazi za watu ziwe pia kwenye diski ya nje. Na kabla ya kubadilisha ukubwa wa patisheni yoyote, hakikisha betri ina chaji. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, faili zinaweza kuharibika.

Anayetaka Linux pembeni ya Windows aanze na Windows, apunguze C, aiachie Linux nafasi tupu. Ubuntu inataka walau GB 25. Mimi ningetenga 40 kwa mfumo, na /home (folda ya Linux inayotunza mafaili yako) ipewe patisheni yake, ili siku ya kubadilisha toleo mafaili yabaki. Vitu vya kutumiwa na mifumo yote miwili viwekwe kwenye patisheni iliyofomatiwa kwa NTFS au exFAT, kwa kuwa Windows peke yake haisomi ext4, yaani fomati ya Linux, na fomati ya zamani ya FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4.