Kabla hujanywa juisi ya kusafisha figo na ini, leta kwanza mkojo maabara

Ndugu zangu habari, mimi ni mtaalamu wa maabara, kazi yangu ya kila siku ni damu na mikojo ya watu, na leo naomba tuongee kuhusu figo na ini, manake hivi viungo viwili huwa vinanifikia vikiwa vimeshachelewa sana. Wengi wetu ini tunalijua lile la kukaanga na vitunguu, na figo tunajua ni ya mkojo basi, lakini ukikaa kwenye benchi yangu unaona vinashika karibu kila kitu mwilini, presha, damu, mifupa, usingizi, mpaka akili.

Tukishakutoa damu tunaiacha igande, halafu chupa inaingia kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi, damu iliyoganda inabaki chini na juu yanakaa maji, ya mtu mwenye afya yana unjano wa mbali kama nyasi kavu. Mtu ambaye ini lake limelemewa, yale maji yanatoka njano iliyokolea kama binzari, unaona kabla hata hujapima. Hiyo rangi ni taka ya chembe nyekundu za damu zilizozeeka, ini ndo linaichukua na kuitoa kwa njia ya nyongo, likishindwa inabaki kwenye damu, ndo macho yanakuwa ya njano na mkojo unakuwa mweusi kama soda ya kola.

Figo sasa haziko hivyo na hapa ndo panaponiuma. Damu ya mtu ambaye figo zimekufa kabisa ukiiangalia kwa macho iko sawa tu, mpaka mashine ikupe kreatinini, yaani taka ya misuli ambayo figo zinatakiwa kuitoa kwenye damu. Na hiyo kreatinini yenyewe inachelewa, mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo zake majibu bado yakaonekana ya kawaida na yeye hasikii maumivu popote. Yule anayekuja ameshika kiuno anasema figo zinaniuma, mara nyingi ni misuli au mgongo, wakati mwenye figo mbovu kweli amekaa kwenye foleni ya kliniki ya presha anachati na simu yake.

Hivi viwili vinafanya kazi kwa kupokezana. Jana umekula ugali na maharage, ile protini ikitumika mwilini inaacha amonia ambayo ni sumu kwa ubongo, ini linaikamata na kuigeuza kuwa yurea, halafu figo zinaitoa yurea kwenye mkojo. Figo zinachuja kama lita 180 kwa siku, yaani ndoo kubwa tisa za lita ishirini, karibu zote zinarudishwa mwilini na wewe unakojoa lita moja na nusu hivi. Ini likichoka, amonia inapanda kichwani, mtu anaanza kulala mchana na kukesha usiku, mikono inatikisika, anaongea maneno hayaeleweki, na nyumbani wanasema huyu ana mashetani, wanampeleka kuombewa wiki nzima. Kuomba ombeni, lakini mpelekeni na hospitali siku hiyohiyo, manake moja ya dawa zake ni dawa tamu ya maji ya kulainisha choo tu, inaitwa laktulosi, anaenda choo mara mbili tatu kwa siku, amonia inatoka na watu wengi wanarudi kwenye akili zao.

Au chukua kuvimba miguu. Ini linatengeneza protini inaitwa albumini ambayo inashikilia maji yasitoke kwenye mishipa, na figo kazi yake ni kuhakikisha albumini haipotei kwenye mkojo. Kwa hiyo miguu ikivimba inawezekana ini halitengenezi, inawezekana figo zinavujisha, inawezekana pia ni moyo, huwezi kujua kwa kuangalia mguu. Anayevujisha mara nyingi mkojo wake una povu, lile povu zito kama la sabuni ambalo umeshamwaga maji na bado lipo. Asubuhi anaamka uso umevimba kwenye macho, jioni uvimbe umeshuka miguuni.

Kuna mama mmoja alikuwa ananunua dawa za kuongeza damu mwezi wa tatu mfululizo, na rozela anakunywa, na matembele anakula, damu haipandi. Alikuwa na presha ya muda mrefu. Tukampima kreatinini ndo tukajua, manake figo ndo zinatoa homoni inayouambia uboho wa mifupa utengeneze damu, figo zikichoka ile amri haiendi, sasa hata ungekunywa chuma cha namna gani damu itatoka wapi? Nilivyoshika yale majibu roho iliniuma sana, kwa sababu kipimo cha mkojo cha mwaka mmoja au miwili nyuma kingeweza kutuonyesha mapema.

Kinachoziua figo ni nini? Kikubwa ni kisukari na presha, hivyo viwili vinaongoza. Lakini kuna vingine tunajifanyia wenyewe na vinanitisha zaidi kwa sababu tunaviita tiba. Dawa za maumivu, hizi diklofenaki na brufeni, fundi ameshinda juani anabeba zege, hajanywa maji, jioni mgongo unauma anaingia duka la dawa anapewa vidonge, kesho tena, keshokutwa tena. Hizi dawa zinabana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo, ukiwa huna maji mwilini na labda unameza dawa za presha juu yake, figo zinakosa damu kabisa. Parasetamoli kwa figo ni afadhali lakini hiyo nayo inapita kwenye ini, mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na wengi wanazidisha bila kujua kwa sababu dawa ya mafua waliyochanganya nayo ina parasetamoli ndani. Mnywaji wa pombe kila siku, aliyekonda sana au mwenye ini bovu hata hivyo 8 ni vingi kwake, aulize kwanza.

Halafu hizi juisi za kusafisha figo na ini. Mtu anaambiwa figo zake zina matatizo, ndugu wanakuja na madafu, bitiruti, ndizi, parachichi, kwa upendo kabisa. Kwa wewe mzima dafu halina shida, lakini mtu ambaye figo zimeshafeli hawezi kutoa potasiamu, madini fulani yaliyomo kwenye chakula, na hivyo vyote vimejaa potasiamu, ikipanda sana moyo unasimama, tena ghafla. Na ndugu zangu wa Pwani na visiwani, birimbi kwenye achari au kwenye mchuzi wa samaki endeleeni, ila msikamue juisi yake nzito mkanywa eti inashusha mafuta kwenye damu. Kerala kule India watu walifanya hivyo wakaishia kufeli figo, ile asidi yake inaganda kuwa vichembe ndani ya figo. Mizizi ya kuchemsha kwenye chupa isiyo na jina ni hivyohivyo, mimi sijui kuna nini ndani na aliyekuuzia hana kipimo.

Ini lina adui mwingine anakaa ghalani. Mahindi na karanga zikihifadhiwa na unyevu zinaota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kupika, ugali uive vipi bado ipo. Mwaka 2004 kule Ukambani nchini Kenya, Makueni, Kitui na jirani zao, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, na 2016 hapa kwetu Dodoma na Manyara familia zilipoteza watu kwa mahindi ya shambani kwao wenyewe. Hiyo ni ile ya kuua haraka, ile ya kidogo kidogo inaleta saratani ya ini miaka baadaye, na ukiwa na homa ya ini B, ugonjwa wa ini unaoletwa na kirusi, hatari inazidi mara nyingi. Kausha juu ya turubai sio chini kwenye udongo, na zile punje zilizobadilika rangi usiwape kuku wala usizikobolee mtoto uji, tupa.

Hiyo homa ya ini B, watoto wa Tanzania wanachanjwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, sisi tuliozaliwa kabla wengi hatujachanjwa. Inapita kwenye damu, ngono, na mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, haipiti kwa kula sahani moja kwa hiyo msimtenge mtu. Pima, ukiwa huna chanja sindano tatu ndani ya miezi sita, ukiwa nayo utafuatiliwa na dawa zipo.

Kama una presha, kisukari, VVU, umevuka miaka 40, au kwenu kuna mtu anasafishwa damu kwa mashine, usisubiri dalili. Omba mkojo upimwe protini, damu ipimwe kreatinini na vimeng'enya vya ini vinavyoonyesha kama ini limeumia, na hiyo homa ya ini B. Kipimo cha mkojo ni kijiti tu, nakichovya, nasubiri sekunde 60, kile kiboksi cha protini kikibaki njano vizuri, kikigeuka kijani tunarudia siku nyingine kabla ya kusema chochote, manake hata homa au mazoezi mazito yanaweza kukigeuza. Lete mkojo wa asubuhi, mwaga wa kwanza kidogo halafu kinga wa katikati. Na njoo na dawa zote unazotumia, hata ile chupa ya mizizi iweke kwenye mfuko uje nayo, hakuna atakayekugombeza, daktari anataka tu kujua figo na ini lako vimekuwa vikipokea nini.