Kukutanisha wahusika ni rahisi, kazi ni kuwafanya wabaki

Mpiga panga wa milimani, mwizi wa sokoni, mganga aliyefukuzwa kijijini na mchawi msomi asiyejali mtu. Wameingia hoteli moja, mzee akawaita mezani, akawapa kazi. Kazi imeisha, wamelipwa. Sasa mwambie mwizi kwa nini asiende zake.

Hapo ndipo meza za Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi ambamo kila mchezaji ana mhusika wake na dadu huamua matokeo, hukwama. Hoteli inatoa sababu ya kukutana, si ya kubaki. Stage ya matatu ina kasoro hiyo hiyo, maana kila abiria ana mahali pake pa kushuka. Gereza ni afadhali, mpaka mlango uvunjwe. Amri ya mfalme naiweka mwisho kabisa: wachezaji wawili watatii, wa tatu atamaliza kikao kizima akionyesha kwamba hatumwi na mtu.

Mimi huanzia kwenye chama, yaani kikundi cha kuweka akiba. Kwa meza ya Kisumu sihitaji kukieleza zaidi. Kitungeni ndani ya ulimwengu wenu wa kubuni, kila mhusika awe ameweka kitu, na mweka hazina ametoroka usiku na sanduku. Mganga aliweka kibuyu cha mwalimu wake, mpiga panga fedha za mahari, mwizi mali isiyo yake ambayo mwenye mali anaisaka. Chama hakiulizi kabila wala ukoo, kwa hiyo hata mbilikimo na jini wanaweza kuwa wanachama bila maelezo marefu.

Kisha azima jambo moja kwenye vikundi vyetu vya akiba: sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti. Mpe kila mhusika kufuli na ufunguo wake. Mwizi atauliza, tena mapema, kama anaweza kufungua kufuli za wenzake. Usimkatalie, ndiyo kazi aliyojifunza. Mwambie tu kwamba kufuli ikichokolewa bila mwenyewe kuwepo, fungu la huyo mwenyewe linageuka jivu. Kishawishi kinabaki, na kila mtu anamwangalia.

Kabla ya kikao cha kwanza kaeni saa moja na nusu bila dadu. Kila mchezaji amgeukie wa kushoto kwake na kuandika sentensi moja: anamdai nini, anadaiwa nini, au wanaficha nini pamoja. Wachezaji watano hupata viungo vitano kati ya jozi kumi. Jozi zilizobaki ziacheni wazi, zitajijaza mkicheza. Nakataa sentensi za aina mbili. “Ni marafiki tangu utotoni” haidai lolote. “Aliua baba yangu” inadai kupita kiasi, kwani lazima mmoja afe au mwingine ajifanye amesahau. Tafuta deni linalouma ila linalipika: alinivusha mpakani kwa jina la ndugu yake, na sasa ndugu huyo anatafutwa kwa kosa langu.

Daima kuna anayeleta mhusika mpweke, joho usoni, haamini mtu. Mwulize ni nani kati ya hawa angemrudia akisikia ametekwa. Asipopata jina, arudi kwenye karatasi yake. Na kuhani mwenye kiapo cha kumshtaki kila mwizi arekebishwe sasa hivi kwa penseli, si kikao cha tatu kwa ugomvi.

Tukio la kwanza lianzie katikati ya jambo. Mweka hazina ametangulia kuelekea Mbita, wahusika wako nyuma yake kwenye mashua, upepo umegeuka na magugu maji yamewafungia. Anayeijua Ghuba ya Winam, kwenye Ziwa Victoria, hatahitaji uchawi wowote kuliamini hilo. Hapa hakuna wa kushuka. Weka maji ya kunywa ya usiku mmoja, kiboko upande mmoja, taa za wavuvi wa omena kwa mbali. Ndani ya dakika 40 kila mhusika awe amefanya jambo ambalo wenzake wasingeliweza. Msimulizi, yaani anayeongoza mchezo, ahesabu kwa vidole; aliyesahaulika ndiye mwenye zamu inayofuata.

Pigano la kwanza liwe dogo. Kwa kanuni za toleo la tano la mchezo, mchawi wa kiwango cha 1 asiye na nyongeza ya ustahimilivu ana pointi 6 za uhai. Pigo la goblini, zimwi dogo, ni dadu ya pande sita, ongeza 2, kwa hiyo nusu ya mapigo yatakayompata yatamwangusha. Kuanguka si kufa: kila zamu anarusha dadu ya pande 20, na akipata 10 au zaidi mara tatu kabla ya kushindwa mara tatu, anatulia. Mwenzake pia anaweza kumtuliza kwa kufikisha 10 kwenye ustadi wa Tiba. Itumieni hofu hiyo. Mwizi akiacha ngawira ili amzibe mchawi jeraha, kundi limezaliwa bila hotuba. Goblini wawili kwa wahusika wanne wanatosha. Sita huenda wakaimaliza kampeni, yaani hadithi nzima ya vikao vyenu, usiku huo huo.

Mchezaji mpya akijiunga kikao cha nne, asiokotwe njiani. Ndiyo maana huweka kufuli moja zaidi ya idadi ya wahusika tangu mwanzo, bila kumtaja mwenye ufunguo. Mgeni anafika nao mkononi, anadai fungu lake. Asipokuja mtu, ufunguo huo anao mweka hazina.